Pete ya Kiti cha Baiskeli

Baiskeli ya mke wangu ina kiti kinachopanda na kushuka. Ukibonyeza kitufe kwenye usukani huku umekikalia, kinazama chini. Ukibonyeza tena na kujiinua kidogo, kinapanda chenyewe. Ni mtumba, imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoteremka nayo milimani, na sisi hapa Mbagala mlima wetu ni mchanga wa kichochoroni. Lakini tulipokiona kile kiti kwa muuzaji hatukutazama baiskeli nyingine. Goti la kulia la mke wangu halikunjiki vizuri tangu alipoteleza uani. Kiti kikiwa chini anapanda, kikiwa juu hapandi, na akishapanda anakiinua ili anyooshe mguu.

Ieleweke kwamba mke wangu ni Mnyamwezi, mtu wa Tabora, na kwao mwanamke kupanda baiskeli si habari ya kusimulia. Alijifunza kabla hajajua kusoma. Sisi Wazaramo ni watani wao, kwa hiyo ndani ya nyumba yetu matusi ni salamu. Miezi ile ambayo goti lilimfunga alikaa kimya, hanitanii, na mimi niliogopa ule ukimya kuliko daktari alivyoniogopesha. Baiskeli ilipokuja, akaanza tena kwenda nayo kwenye chekechea anayofundisha, na siku ya kwanza tu akarudi akiniambia nina tumbo kama gunia la mihogo. Nilifurahi sana.

Kisha ile pete ikaanza kulegea. Bomba la kiti liko ndani ya bomba jingine, na pale yanapokutana kuna pete ya chuma inayofungwa kwa kuzungushwa. Pete ikilegea, kiti kinacheza, na kikicheza sana kinazama bila kuitwa. Siku moja kilimzamia barabarani, lori likiwa nyuma yake. Alirudi anaisukuma.

"Mtani," aliniambia, "ikinifanyia hivi tena naiuza. Na mie kupanda baiskeli ndiyo basi."

Hakuwa anatania.

Mimi ni fundi cherehani. Baiskeli siijui, ila siwezi kuacha kitu kinachonishangaza, na pete ile ilinishangaza. Jioni naikaza mpaka mkono unauma. Jioni inayofuata naikuta imelegea. Nikaizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, ikalegea na tepu yake. Nikafunga mpira wa tyubu juu yake, kwa kuwa hapa kwetu hakuna kitu kisichofungwa kwa mpira wa tyubu. Ukalegea mpira na pete pamoja. Fundi baiskeli wa jirani akaikaza kwa spana kubwa, akajipangusa mikono, akasema tatizo ni mashimo, labda tubadili barabara.

"Nyie Wazaramo," mke wangu akasema, "mkishika kitu lazima kilegee."

Lakini kama ni mashimo, mbona boliti nyingine zote zimetulia? Swali hilo lilinikalia kichwani hata nikakata mkono wa shati la mteja upande usio wake. Mwishowe nikachukua chaki yangu ya nguo, nikachora mstari mmoja kutoka kwenye pete hadi kwenye bomba lililo chini yake. Pete ikizunguka, mstari utakatika. Nilitaka kujua unakatika wapi, na asubuhi iliyofuata nikachuchumaa nyuma ya baiskeli yeye akijiandaa kupanda.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, huwa yuko kibarazani saa hizo na ungo wa mchele. Akaniuliza, "We, unatafuta nini huko nyuma ya mkeo?"

"Chaki, mama."

"Makubwa!"

Mke wangu aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya kibaraza. Akakaa upande, miguu yote kulia, kama mama anayepakiwa kwenye keria. Akaikusanya khanga yake, akaibana vizuri magotini. Halafu akazunguka palepale juu ya kiti, polepole, akapitisha mguu wa kushoto ulio mzima, akatazama mbele. Mstari wangu ulikatika mbele ya macho yangu, na gurudumu halijasogea.

Nikabaki nimechuchumaa kama mjinga. Si mashimo, si lori, si mchanga. Kila asubuhi alikuwa anageuka kushoto, kiti kinageuka naye kidogo, na pete inafunguka taratibu kama kifuniko cha chupa.

Jioni nikamwuliza, "Kwani Tabora mnapandaga hivyo?"

Akacheka. "Tabora tunapandisha khanga, tunavusha mguu, tunaondoka. Hata shuleni napanda hivyo."

"Sasa hapa?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza maji yanalowesha kwa nini. "Hapa mama amekaa mbele yangu. Nipandishe khanga mpaka mapajani, mkwe wangu ananitazama? Ndiyo maana hata nikirudi nashukia kule konani, naisukuma."

Nikapendekeza apandie upande wa pili, ili ageuke kulia na pete ijikaze yenyewe. Akanionyesha goti. Akipandia kushoto, mguu wa kulia ndio utakaovuka, na huo hauvuki kitu. Nikasema basi nizungumze na mama.

"Umwambie nini? Ahame kibaraza chake? Adabu si utumwa, mtani. Acha ilegee. Ikishindikana nitaiuza, nilishakwambia."

Aliyasema hayo dirishani, na dirisha letu linatazama kibaraza. Niliikaza pete, nikachora mstari mpya, nikalala nikiwa na huzuni.

Asubuhi kulikuwa na wingu zito na manyunyu. Mama alikuwa mahali pake, lakini kiti chake kilikuwa kimegeukia ukuta. Alikuwa anachambua mchele, mgongo kwetu.

"Mama, shikamoo," mke wangu akasema.

"Marahaba mwanangu. Jua la leo linaniumiza macho."

Mke wangu akatazama juu, manyunyu yakamwangukia usoni. Akanitazama mimi. Akasimama pembeni ya baiskeli, akapandisha khanga, akavusha mguu wa kushoto, akakaa. Akabonyeza kitufe, akajiinua kidogo, kiti kikapanda. Mstari wa chaki ulikuwa mzima.

"Mama, naenda."

"Haya, nenda salama," mama akauambia ukuta.

Akaondoka, mgongo umenyooka, anapiga kengele kuwafukuza kuku. Mimi niliinama kuokota chaki yangu, nikiwaza pete tu, kwamba sasa haitalegea.

"Keshapanda?" mama akauliza, bado kageukia ukuta.

"Keshapanda, mama."

"Basi fanya haraka unigeuzie kiti," akasema, ungo umeshamteleza mapajani, "nimwone anavyokwenda kabla hajakata kona. Unadhani asubuhi zote hizi nakaa hapa kwa ajili ya mchele?"