Picha ya Adelina

Adelina ni fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, mjane, na mjini anajulikana kwa magauni ya kipaimara. Mwanawe wa pekee, Festo, alipofariki kwa ajali ya pikipiki njia ya Ulyankulu, Adelina alikaa miezi mbele ya cherehani bila kushona kitu. Usingizi ulimkimbia. Paroko alimwombea, majirani walimwambia ajikaze. Kilichomwinua, tena polepole, ni huduma mpya ya ushauri nasaha kwa simu iliyokuwa bado kwenye majaribio: alituma ujumbe, na mshauri akawa anampigia kila wiki.

Huduma ilipokaribia kuzinduliwa rasmi, Eustace, kijana wa uhusiano wa umma wa huduma hiyo, alimfuata kwenye kibanda chake cha kushonea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Tunaomba sura yako kwenye bango. Watu hapa hawamwamini wasiyemjua."

Alifikiri sana, akakubali.

Bango likatundikwa Kanyenye, penye maduka. Chini ya uso wake waliandika: "Niliugua akili, nikapona."

Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Hawakusema sababu. Aliyeisema ni shemeji yake Masolwa, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, ukoo wetu hauna vichaa. Mabinti zangu wataolewa na nani?"

Adelina alifunika cherehani, akaenda kwa miguu hadi ofisini kwa Eustace. Kijana alipomwona tu, alijua ni habari ya bango.

"Tutaliondoa leo, mama. Nisamehe."

"Picha iache. Maneno ndiyo si yangu. Nilikwambia nilimzika mwanangu, nikashindwa kulala, nikapata mtu wa kunisikiliza. Andika hivyo."

Siku ya uzinduzi lilikuwapo bango jipya. Adelina alisimama, akayasema maneno yale kwa mdomo wake, akamtaja Festo kwa jina, akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinamisha vichwa kama wako msibani.

Baadhi ya wateja hawajarudi mpaka leo, na Masolwa hamsalimii. Lakini mkewe, Dafrosa, alikuja jioni moja, akakaa kwenye benchi kwa kitambo akitazama vipande vya nguo sakafuni.

"Dada," akauliza mwishowe, "mtu akituma ujumbe kwenye ile huduma, lazima ataje jina?"

"Si lazima," Adelina akamjibu. Aliweka mkasi chini, akaenda kukaa karibu naye.