Barua Niliyoisoma Mbio

Nyinyi vijana mnaosoma huku kidole kinasukuma kioo cha simu, hebu ngojeni kidogo. Juzi mjukuu wangu wa gredi ya tano alikaa mezani na zoezi la ufahamu, kifungu kimoja, maswali matano. Chai haijapoa, kashafunga kitabu. "Shosh, nimemaliza kitambo. Hiyo ni rahisi." Nikamwuliza kifungu kinasema nini. Akaangalia dari. Dari haina majibu.

Sikumcheka. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Nililelewa Mbotela, mtaa wa Nairobi, kwenye zile nyumba za kaunsili, milango inatazamana, na mfereji mmoja wa maji ya bomba ambapo akina mama walifua nguo na kuchambuana. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kusoma kwa sauti nilikuwa moto. Sisimami, sipumui. Pale mferejini walisema, "Haka kasichana kanasoma kama redio!" Kichwa kikavimba. Basi wasiojua kusoma wote wa laini yetu waliniletea barua zao.

Mmoja wao alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama wa kutoka magharibi, mwenye kukaanga mandazi. Jumanne moja akapata barua ya kaka yake. "Mwalimu, njoo unisomee, mikono yangu ina unga." Nilikuwa darasa la tano wakati huo. Nikapasua bahasha, nikaikimbiza barua yote kwa pumzi mbili, hakuna aliyeshika neno.

"Sasa inasema nini?"

"Mama yenu anaumwa kidogo. Wengine wote wanakusalimu."

Akashukuru Mungu. "Basi nitaenda mwisho wa mwezi." Akanipa mandazi mawili ya moto, nikaenda zangu.

Alhamisi mwalimu wetu akatupa kifungu cha mtu anayeingia nyumbani, viatu vina matope, anakung'uta koti. Akauliza, nje hali ya hewa ilikuwaje? Nikaruka mbele ya wote: "Haikuandikwa, mwalimu!" Akanijia polepole, chaki mkononi. "Haikuandikwa, lakini imesemwa. Rudi usome. Macho yakikimbia kama basi, akili hubaki stejini."

Nikarudi, nikayaona matope. Na pale pale nikaiona ile barua. *Mama anaumwa kidogo. Dada zako wote wamefika. Ule mvule wa nyuma ya nyumba tumeukata, na fundi wa mbao yuko hapa tangu jana. Tutakungoja mpaka Jumamosi.* Jamani, mgonjwa kidogo hukatiwa mti? Siku hizo watu wetu hawakuandika kifo kwenye karatasi. Walikifunga kwa maneno ya pembeni, mwenyewe akifungue taratibu akiwa ameketi. Na mimi nilikuwa nimempora jirani yangu siku mbili.

Kengele ilipolia nilitimua mbio mpaka mlangoni kwake. Sikumwambia, mtoto hatangazi msiba. Nilisema tu, "Mama, ile barua niliisoma vibaya. Naomba niisome tena."

"Kwani redio imeisha betri?" akanitania, akaitoa kifuani.

Nikasoma neno moja moja. Nilipofika kwenye mvule, mkono wake ulisimama juu ya mafuta. Kwenye fundi, akateremsha karai. "Rudia hapo kwa Jumamosi," akasema. Nikarudia. Jioni hiyo hiyo akapanda basi.

Aliwahi mazishi ya mama yake, akamtupia mchanga kwa mkono wake mwenyewe. Aliporudi aliniita, akanichapa kibao kidogo mgongoni, halafu akanipa karanga za kwao zimefungwa kwenye kitambaa. "Kibao ni cha Jumanne. Karanga ni za Alhamisi." Mpaka leo sijaonja karanga tamu kama zile.

Siku hizi barua hazipo, na hakuna anayemwita mtoto wa jirani amsomee. Msiba unakupata kwa simu, umesimama sokoni na sukuma wiki mkononi, maneno yote wazi hata hujatafuta pa kukaa. Jirani yangu alishazikwa kwao, mandazi yake sijui ni nani aliyejifunza. Ninalobaki nalo ni lile alilonifundisha mwalimu, na nyumba yangu yote inalijua. Hata juzi nililitoa pale mezani:

Fungua hicho kitabu. Soma tena, polepole, na usiniambie umemaliza mpaka uniambie yale ambayo hayakuandikwa.