Mgema Asiyeonja

Matsangoni, nyuma ya maduka yaliyopangana kando ya barabara ya Malindi, hakuna mtu anayekunywa tembo ambalo mgema mwenyewe hajalionja. Hiyo ndiyo ada. Mgema huteka tembo kwa kata, kile kikombe cha kifuu cha nazi, hunywa funda la kwanza mbele ya wateja, hujifuta mdomo, kisha ndipo huwamiminia wengine. Hapakuwa na aliyejua ni nani aliyetiliwa sumu zamani hata ada hiyo ikawekwa, lakini kila mnywaji alijua maana yake: nimekunywa mimi, kunywa na wewe, hamna kitu.

Ngowa aliifuata ada hiyo tangu marehemu baba yake alipomkabidhi kotama, kile kisu cha kugemea. Kwa hiyo asubuhi moja alipojaza kata, akaiinua, kisha akamnyoshea mjomba wake bila kuigusa kwa midomo, wanywaji wote kibandani wakamgeukia.

"Mpwa wangu," akasema Mzee Dena, "umesahau jambo."

"Sikusahau, mjomba. Leo tumbo langu halilitaki."

"Tumbo lako halilitaki tembo lako mwenyewe. Langu ndilo lilitake?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Randu, fundi wa baiskeli aliyekuwa karibu na mtungi, hakucheka kabisa. Alikuwa akiitazama mikono ya Ngowa.

"Na mbona yatetemeka?" akauliza. "Mgema atetemekaye mikono ana lake jambo."

Ngowa aliishusha mikono nyuma ya mtungi. Jibu lilikuwa kwenye mfuko wa suruali yake, limefungwa ndani ya karatasi ya nailoni: vidonge vyenye rangi mbili, nusu kijani na nusu nyeupe. Hata yeye mwenyewe hakuviamini.

Alikuwa amepewa vidonge hivyo katika hospitali moja ya mjini. Kahindi, ndugu yake, alianguka kutoka juu ya mnazi akafa, na matanga yalipokwisha kila mtu alirudi kazini isipokuwa Ngowa. Aliketi chini ya minazi yake, kotama mapajani, akaacha panda, yale makarara yatoayo tembo, zikauke bila kugemwa. Chakula kilimwia kama mchanga. Ndipo mkewe, Fridah, akamshika mkono na kumpeleka mjini. Tabibu kijana aliyewapokea aliuliza maswali machache huku akichungulia simu yake, akasema kwamba huo ni ugonjwa wa sonona, huzuni inayoingia mwilini ikakataa kutoka. Akasukuma vidonge mezani. "Kimoja kila asubuhi. Usiguse pombe. Mwingine aingie."

Basi. Hakumwambia kwamba mdomo ungemkauka kama aliyelamba majivu. Hakumwambia juu ya kichefuchefu wala mikono kutetemeka, wala jambo lile jingine la chumbani, ambalo mwanamume wa Matsangoni hamwambii mtu. Hakumuuliza hata anafanya kazi gani. Mtu ambaye riziki yake ni kupanda mnazi kila siku na kuonja pombe kila siku alitumwa nyumbani na maneno yasiyojaza kiganja, kisha akatarajiwa asiwe na shaka.

Na shaka alikuwa nayo. Kila dalili mpya ilipotokea, Ngowa alikitoa kidonge akakigeuzageuza juani. Alijiuliza kwa nini kina rangi mbili. Alijiuliza kwa nini Fridah alikuwa na hamu sana akimeze, na kwa nini siku hizi alisimama mlangoni mpaka aone kimeshuka kooni.

"Ulimlipa nini yule kijana?" alimwuliza siku moja.

"Nani?"

"Yule wa hospitali. Mnipe dawa ya kunilegeza, minazi ibaki yako."

Fridah aliitazama minazi hadi vileleni. "Minazi," akasema. "Nitaipanda kwa gauni gani?"

Ngowa alitaka kucheka. Jambo la ajabu ni kwamba alikuwa ameanza tena kutaka kucheka, usingizi ulikuwa umeanza kurudi kidogo kidogo, na yeye mwenyewe alikuwa amerudi kugema. Lakini hilo hakulihesabia vidonge.

Baada ya asubuhi ile ya kata, uvumi ulitembea. Ikasemwa kwamba Ngowa alikwenda kwa mganga huko Ganze kutafuta aliyemroga nduguye, na kwamba amerudi na kitu cha kutia mtungini. Tumbo la Randu lilipomsokota, hakuna aliyemuuliza alikula nini. Wateja wakaanza kupita mbele ya kibanda huku wakitazama upande wa pili.

Siku mbili tatu hivi, Ngowa alivumilia. Kisha akavitupa vidonge chooni, akaenda kibandani, akaijaza kata na kuinywa yote mbele ya Mzee Dena.

"Sasa umerudi kuwa mtu," mjomba akasema, akapokea yake.

Alipopanda mnazi siku chache baadaye ndipo alipoyaona matokeo yake. Alikuwa nusu ya mti, mguu kwenye kidato, ule mkato wa kukanyagia, kichwa kilipopigwa na kitu kama umeme, kikatulia, kikapigwa tena. Shamba likazunguka chini yake. Aliukumbatia mnazi kwa mikono na miguu, akamwona Kahindi kama alivyokuwa siku ile chini ya mti, kisha akateleza polepole hadi ardhini, ngozi ya kifua ikibaki kwenye gome.

Fridah alimwosha vidonda. Alijifunga leso, akamwambia ainuke waende hospitali.

Safari hii Fridah hakungoja kuulizwa. Aliyewapokea alikuwa mwanamke wa Malindi, Bi Raiya, muuguzi wa wagonjwa wa akili, na Fridah alianza kabla ya kuketi.

"Nikinunua kuku sokoni huelezwa kama hutaga, na kama ana ugonjwa. Mume wangu mmempa dawa ya kichwa, hamkumweleza neno. Huyu ni mgema, dada yangu. Hupanda minazi."

Bi Raiya aliweka kalamu chini. "Mna haki ya kukasirika," akasema. "Nieleze, baba. Yote. Hata ya chumbani."

Ngowa alitazama ukuta, akayaeleza. Bi Raiya hakucheka wala hakushangaa. Alimwambia kwamba kichefuchefu na kutetemeka huwapata wengi mwanzoni, na aghalabu hupungua. Kwamba lile la chumbani linajulikana, na likizidi dawa hubadilishwa. Kwamba ule umeme kichwani ulitokana na kuiacha dawa ghafla, kwani huachwa kwa kupunguzwa, tena kwa shauri. Akampa vidonge vingine, akamkataza kupanda mnazi mpaka kizunguzungu kimwishe. Na tembo, je? Ngowa akauliza.

"Funda moja siyo sumu," akasema. "Lakini wewe huonji funda moja, baba. Waonja kutwa, na pombe hukurudisha kule kule ulikotoka."

Ngowa alimtazama usoni akitafuta hila. Hakuiona, ingawa hakuacha kuitafuta.

Kijana mmoja wa shamba la jirani alikubali kumgemea kwa muda. Siku ya kwanza ya kukifungua tena kibanda, wateja walikuja, wengi kwa kutaka kuona. Ngowa alijaza kata, akaiweka juu ya meza. Kisha akatoa kidonge mfukoni, akakionyesha, akakimeza kwa maji.

"Hii ndiyo siri yangu," akasema. "Nilikuwa mgonjwa wa huzuni. Natumia dawa, na dawa haitaki tembo. Atakaye kuniita mwendawazimu na aniite nikiwa hapa nasikia."

Mzee Dena alikuna kidevu.

"Wewe umemeza yako," akasema. "Haya. Na yetu nani ataionja? Ada yataka mgema, au mtu wa nyumba yake."

Fridah alikuwa mlangoni. Tangu aolewe hakuwahi kuonja tembo, kwa kuwa harufu yake tu ilimchafua roho. Alipita katikati ya wanaume, akaishika kata kwa mikono miwili, akanywa funda, akakunja uso wote.

"Mnalipia hiki?" akauliza.

Kibanda kikaangua kicheko. Mzee Dena alimtazama Fridah, akangoja, akamtazama tena, kisha akanyosha mkono na kunywa. Wengine wakafuata. Randu alipokea kata yake, akaishikilia magotini bila kunywa, macho yake yakiwa kwenye mikono ya Ngowa, ambayo bado ilitetemeka.