Chembe Mbili Zikipandana

Pale maabara ya maji walimwita Macho Manne, kwa ile miwani yake mizito, na mwenyewe hakununa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akirekodi video za chembe za tope chini ya hadubini, kisha kompyuta inazifuata moja moja, ili ijulikane zinatuama upesi kiasi gani kwenye matangi ya kuchujia.

Programu mpya ilipowekwa, mambo yakaenda mrama. Chembe mbili zikipandana, kompyuta iliona moja. Zikiachana, ilidhani mpya imezaliwa.

"Mama, vioo vyako vichafu," mkuu wa maabara alimwambia mbele ya watu. "Mashine haikosei."

Maneno yale yalimchoma. Alikaa siku nzima akihesabu video moja kwa macho yake, akapata chembe mia nne kumi na mbili. Kompyuta ilikuwa imeona mia tatu thelathini na nane. Akaichukua karatasi yake, moja kwa moja hadi kwa binti aliyeandika programu ile.

"Mwanangu, hebu tazama." Akachora duara mbili zilizopandana. "Hapa zinapokutana pamebonyea. Chukua uzi, uzungushie, uukaze. Chembe moja, uzi unagusa ukingo kote. Zikiwa mbili, unaacha pengo."

Binti alikodoa macho. "Kwa hiyo nipime pengo!"

Siku tatu baadaye akarudi ameshika tama. "Mama, tumeruka majivu tumekanyaga moto. Sasa inakata hata chembe nzima zenye umbo la figo."

Macho Manne akainamia kioo cha kompyuta, akizitazama zile figo moja baada ya nyingine. Mara akapiga paja.

"Figo imebonyea upande mmoja tu! Zilizopandana zina mabonyeo mawili, yanatazamana kama majirani wenye ugomvi. Ukiyaona mawili, kata toka hili hadi lile. Ukiona moja, liache."

Binti aliandika palepale, vidole vikikimbia. Wakairudia video ile ile. Mkuu naye akaja, mikono nyuma, akasimama. Kwenye kioo, chembe mbili zilisogeleana, zikapandana, zikapita. Na kila moja ikatoka upande wa pili na namba yake ile ile.

Hesabu ikatokea: mia nne na tisa.

"Bado tatu," Macho Manne alisema.

Mkuu alikohoa. "Mama, vioo vyako havikuwa na kosa. Nilikuonea. Niwie radhi." Akageukia wote waliokuwepo. "Jumatatu huyu ndiye atakayetueleza jinsi inavyofanya kazi."

Macho Manne alipotoka nje tu akampigia simu dada yake, hata salamu akaisahau.

"Dada, nimeshinda!"

"Umemshinda nani?"

"Mashine. Na bosi wake!"

Dada mtu alipiga kigelegele, ikabidi Macho Manne aisogeze simu mbali na sikio, huku akicheka peke yake katikati ya njia.