Prosesa Iliyovalishwa Kitambaa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuipima kompyuta ikiwa imefunguliwa ubavu, asubuhi ya baridi ya Julai, nikiwa peke yangu chumbani. Kisha nikatangaza kwamba iko salama.

Kompyuta yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada yangu mkubwa, anayechora ramani za nyumba akiwa nyumbani kwetu, mtaa wa Section 58, na hakuwa na nyingine. Ilikuwa imechoka. Akizungusha mchoro wa ghorofa, alipata muda wa kwenda jikoni kuongeza chai. Nilimwomba aniruhusu nibadilishe prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote. Nilichojua nilikuwa nimejifundisha kwa video na kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe. Alinitazama, akasema, "Ukiichoma, hizi nyumba utazichora wewe, kwa mkono."

Nililinganisha prosesa kwa wiki mbili, nikijaza daftari. Nilitaka ile kubwa kuliko zote. Fundi wa mjini, mama mmoja aliyechomeka bisibisi kwenye nywele, alikataa kuniuzia kabla ya kuona picha ya ubao wa kompyuta yetu. "Boss, hii itaingia," alisema, "lakini bodi yako haiwezi kuilisha umeme." Nikachukua ya kati, inayoruhusu kusukumwa ikimbie kupita kasi ya kiwandani, pamoja na feni nzito zaidi.

Nilinawa mikono mara tatu kabla ya kuishika. Ilikuwa ndogo kuliko biskuti, na ndani yake mna swichi mabilioni. Niliiweka kwenye soketi bila kuikandamiza, ikaketi yenyewe. Nakumbuka nikiwaza kwamba umeme tunaotumia, sehemu yake hutoka kwenye mvuke unaopanda kutoka chini ya ardhi, kule Olkaria. Joto la ardhini linageuka umeme, umeme unaingia kwenye kipande hiki, unachora ukuta wa nyumba ambayo bado haipo, kisha unageuka joto tena. Niliketi sakafuni kwa muda, bisibisi mkononi, nikiogopa hata kuiwasha.

Niliisukuma hatua moja moja. Volti niliiongeza kidogo sana, kwa sababu hiyo ndiyo hupandisha joto haraka. Kila hatua niliipa kazi nzito kwa saa nzima, nikaandika nyuzi joto. Hatua ya tano iliganda, nikarudi nyuma hatua mbili. Daftari lilisema nyuzi sabini na mbili, mbali na kikomo, nami nikaliamini.

Dada alizungusha ghorofa yake, ikageuka laini kama mlango wenye bawaba mpya. Akaizungusha tena, akamwita mama yetu, na mama akauliza kama hiyo nyumba imeshajengwa.

Miezi ikapita. Alasiri moja ya Januari, vumbi na jua kali, dada alikuwa anamalizia ramani ya familia moja kutoka eneo la Bahati. Walikuwa wanakuja kuichukua asubuhi iliyofuata, na kazi hiyo ndiyo ingemletea wateja wengine wa huko. Mchoro ukaanza kusitasita, kisha kioo kikawa cheusi. Aliniita kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nilijua nimeiunguza. Nilipogusa kasha, mkono ukakutana na kitambaa cha kufuma, cheupe, kingo za manjano, kimefunika matundu yote ya juu ambapo joto hutokea.

"Nani ameweka hiki?"

"Mimi," mama akajibu kutoka jikoni. "Si umesema ni kitu cha maana? Ungetaka kiliwe na vumbi?"

Kwetu televisheni imevaa, redio imevaa, makochi yamevaa. Kitu kinachoheshimiwa hakiachwi uchi. Nilikivua, nikakikunja. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba mashine hiyo inapumulia juu.

Tuliiacha ipoe. Nilipobonyeza swichi, ikawaka. Prosesa ilikuwa imejipunguzia kasi, kisha ikajizima kabla ya kuungua, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mimi niliyejiona mlinzi wake nilikuwa nimelindwa nayo. Niliirudisha kwenye kasi ya kiwandani. Ramani ilikuwepo, ila paa, ambalo hakuwa amelihifadhi, lilikuwa limepotea. Dada akalichora upya bila kunitazama, nami nikakaa pembeni nikisoma nyuzi joto kwa sauti hadi akaniambia ninyamaze. Alimaliza jua likizama. Asubuhi watu wa Bahati waliichukua.

Jumamosi nilipima upya, saa nane mchana, kasha limefungwa, dada na mama wakiwa chumbani. Niliwaonyesha hewa inapoingia na inapotokea. Mama akaweka kiganja juu ya matundu, akakiacha hapo muda mrefu.

"Kumbe inapumua," akasema taratibu.

Niliiacha kwenye hatua ya kwanza tu juu ya kasi ya kiwandani. Imekaa hapo, haijazimika tena.

Siku hizi sisemi kitu kiko salama mpaka nikipime mahali kinapotumika, pamoja na wanaokitumia, na nisichokijua nawaambia.