Mbwa Aliyeugua Kila Jumamosi

Jirani yangu hapa Mingoyo ana mbwa anayeharisha kila baada ya siku chache, na juzi bwana mifugo alimwambia amjaribu kwa chakula kimoja kimoja mpaka aone kinachomdhuru. Jirani akaja kunisimulia kwa mshangao, kana kwamba maarifa hayo yamegunduliwa wiki hii. Nilicheka, nikamwambia akae nimmiminie chai. Kazi hiyo mimi niliifanya nikiwa na miaka tisa, enzi za Mwingereza, kwenye shamba la babu njiani kuelekea Rondo, wala nilikuwa sijapata kumwona bwana mifugo.

Kwetu mbwa hakuwa wa kuchezea. Sisi ni watu wa swala, na ukiguswa na mate ya mbwa una kazi ya kujiosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini nguruwe pori hawana habari na swala, na bila mbwa shamba la mihogo ni lao. Basi babu alifuga mmoja, mwekundu, mwenye sikio lililochanika, akamwita Watasema, maana alijua majirani watasema. Chakula chake kilimwagwa kwenye kigae cha chungu, mbali na nyumba, na aliyekimwaga alirudi nyuma haraka. Mimi nilimpenda waziwazi, na kwa sababu hiyo niliogeshwa kuliko mtoto yeyote kijijini.

Mwaka mmoja Watasema alianza kuugua kwa zamu. Jumapili mpaka Ijumaa alikuwa mzima wa afya. Jumamosi asubuhi tunamkuta amejikunyata penye majivu, ametapika, anaharisha, anajikuna tumbo mpaka manyoya yanatoka. Usiku wake nguruwe wanaingia shambani, na walikuwa kama wameijua ratiba. Babu alikagua matuta yaliyofukuliwa, akasema bila hasira kwamba wawindaji wa Rondo wakishuka, atawapa mbwa wakamalizane naye huko porini. Nilijua maana ya kumalizana. Nikakosa hamu ya kula siku mbili.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mwalimu wetu wa madrasa alisema ni ubani wa Ijumaa: bibi akifukiza na kuomba dua, mbwa hastahimili, kesho yake anatapika. Jirani wa bondeni alisema ni kijicho. Babu alisema ni tumbo bovu tu. Bibi aliendelea kusuka ukili wake. Alikuwa akiniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na nilipomuuliza kwa mara ya nne ubani unaingiaje tumboni, alinijibu, "Mke mwenzangu, wewe hata ukizikwa utamhoji mchimba kaburi."

Ijumaa iliyofuata nilimpeleka Watasema ng'ambo ya kijito tangu asubuhi, nikakaa naye mpaka alasiri. Moshi wa ubani hata chembe haukutufikia. Jumamosi akaugua vilevile. Nikauondoa ubani, na nakiri nilifurahi kumshinda mwalimu, ingawa sikuthubutu kumwambia.

Kilichobaki ni chakula. Siku nyingine tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu au kunde. Ijumaa tu ndipo bibi alipotwanga mpunga, tukala wali wa nazi na papa mkavu, kwa kuwa nazi ilitoka pwani na haikuwa kitu cha kila siku. Ukoko tuligombea wenyewe, mbwa hakuuona. Nikaficha ngozi ya papa mpaka Jumatatu, nikampa, Jumanne mzima. Wiki iliyofuata nikamchanganyia pumba za mchele Jumatano. Alhamisi anafukuza kuku. Muhogo, kunde, ugali, vyote nikavipima, vyote vikamkalia vizuri. Nilichanganyikiwa kabisa, na wakati huo wawindaji walikuwa wameshaonekana kijiji cha juu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ijumaa hiyo nilijificha nyuma ya ghala nikingoja. Alasiri, babu akiwa msikitini, bibi alitoka jikoni na jani la mgomba. Juu yake kulikuwa na machicha ya nazi, yale yaliyobaki baada ya kukamua tui la wali wetu, ambayo sote tuliamini ni ya kuku. Akatazama huku na huku, akaliweka jani chini, akarudi hatua tatu na kuikusanya kanga yake isiguswe. Watasema akala, na bibi akazungumza naye kwa Kimwera, kwa sauti ya upole ambayo hata babu hakuwahi kuipata. Alimshukuru kwa mihogo. Alimwita baba.

Nilitoka mafichoni na kumwambia palepale, kwa furaha ya mtoto aliyepata jibu. "Bibi, ni machicha. Hayo ndiyo yanayomuumiza."

Bibi akalitazama jani, ambalo lilikuwa limeshalambwa likang'aa. "Basi ni mimi," akasema.

Kesho yake Watasema akaugua, na bibi, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba babu kitu, akamwambia, "Mngoje Jumamosi moja tu." Babu akakubali, wala hakuuliza sababu. Ijumaa iliyofuata machicha yote yalikwenda kwa kuku. Jumamosi alfajiri babu alizunguka nyuma ya banda na kijiti, akakagua mavi ya mbwa kwa umakini wa hakimu. Wawindaji walipita, wakanywa maji, wakaenda zao bila mbwa. Nguruwe wakahamia kwa jirani wa bondeni.

Nilijivuna wiki nzima. Kisha, Ijumaa ikafika, nikamwona bibi anatoka tena alasiri, mikono mitupu. Alisimama pale pale, hatua tatu mbali. Watasema akaja, akanusa ardhi, akamtazama, akakaa. Bibi hakuweza kumpapasa, na kumpa kitu aliogopa asije akamuumiza tena. Walitazamana hivyo mpaka kikohozi cha babu kikasikika njiani. Alifanya hivyo Ijumaa zote, mpaka mbwa akafa kwa uzee.

Shamba lile sasa ni mikorosho ya watu nisiowajua, na bibi yuko chini ya udongo miaka mingi. Mbwa nilimponya, sijutii. Ila lile jani ndilo lililokuwa mkono pekee wa bibi wa kumgusa, na mimi nilimnyang'anya. Kipande cha muhogo wa kuchemsha kingetosha kuwekwa juu yake. Nilijua kinamfaa, nilikuwa nimekipima mwenyewe, na sikumwambia.