Kibamba Alichokipinda Nyoosha

Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Shemeji yangu, mume wa dada, kiwandani tunamwita Nyoosha. Anapinda vibamba vya titani, vile vinavyofungwa kwa skrubu kwenye mfupa uliovunjika. Mimi niko chumba cha vipimo. Nyoosha akipinda kibamba kikazidi, hakitupi. Hukinyoosha, akakipinda upya mpaka kikae sawa. "Kutupa mali ni uvivu," husema, na ukimbishia utajuta, maana mdomo anao.

Mama yake alipoteleza bafuni akavunjika paja, Nyoosha aliomba kibamba cha mama akipinde yeye. Nilimwona siku hiyo. Anapinda, anapima, haridhiki, ananyoosha, anapinda tena. Nikamtania, "Shemeji, hicho ni chuma, si unga wa kukanda." Akanijibu kwamba mama hana wa pili. Kilipokaa sawasawa alikipangusa kwa shati lake mwenyewe.

Mama akafungwa kibamba, akaanza kutembea kwa magongo, kisha kwa mkongojo. Tukasahau. Halafu hospitali ikaturudishia kibamba kilichokatikia mguuni mwa dereva mmoja, naye hakuanguka wala kugongwa, alikuwa anashuka ngazi tu.

Nikakikata karibu na pale kilipokatika, nikaking'arisha, nikakiweka chini ya hadubini. Nilipigwa na butwaa. Nje kilikuwa safi kama kijiko kipya, lakini ndani, penye mpindo, kulikuwa na vitundu vingi vidogo vimejipanga mstari, na vingine vimeshaungana kuwa ufa. Kilikuwa cha mkono wa Nyoosha, nikamwita aje aone.

"Huo uchafu," akasema. "Hujui kung'arisha."

Nikang'arisha tena mbele yake. Vitundu viko palepale. Nikachukua kingine kilichopindwa mara moja tu, nacho hakikuwa na kitu. Basi kwa ubishi wake akaenda kupinda kipya, akakinyoosha, akakipinda tena, akaniletea nikate. Vitundu vilikuwepo. Akarudia, akazidisha kupinda na kunyoosha, navyo vikaongezeka. Kila alipodhani anakirekebisha chuma, alikuwa anakichana kwa ndani.

Nilingoja abishe. Hakubisha. Aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akasema, "Mama."

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Cha mama kilikuwa ndani ya nyama, na aliyekipinda ni mwanawe.

Alitoka mbio na aproni yake, mimi nyuma. Tulimkuta mama uani anaanika nguo, amesimama kwa ncha za vidole, mkongojo ameutupa pembeni. Alifurahi kutuona. "Mwanangu, tazama, sasa natembea mwenyewe."

"Mama, usiusogeze huo mguu," Nyoosha akasema, na kabla mama hajauliza kitu akambeba. Mama alimpiga mgongoni kwa shuka bichi njia nzima mpaka kwenye gari, akitaka kujua ni wazimu gani huo.

Eksirei ilionyesha kibamba kizima, lakini mfupa haujaunga vya kutosha. Daktari akakitoa siku ileile, akaweka kingine. Nyoosha aliniletea kile cha zamani kwenye kitambaa, akasema nikate. Nilikata. Sijawahi kuona kibamba kilichooza kwa ndani namna ile. Cha dereva kilikuwa na afadhali.

Jioni tulikwenda wodini. Nyoosha, mtu wa maneno mengi, alikaa ukingoni mwa kitanda akaeleza kila kitu huku analia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na hiki kipya kapinda nani?"

"Mwenzangu, mama. Mara moja tu, hakukirudia. Ndicho salama."

Mama aliupapasa mguu juu ya bandeji, polepole, halafu akageukia ukutani.

"Waambie wanirudishie changu, ulichonipindia wewe," akasema.

Nyoosha alinitazama mimi.